Simon Nkoli alikuwa mpigania uhuru?

Dada wa Nachingwea, umeuliza kama ni kweli Simon Nkoli wa Afrika Kusini alikuwa mpigania uhuru, maana kijiweni wamekubishia kwamba mwanamume anayependa wanaume hawezi kuwa. Alikuwa, tena hasa! Nashangaa ubishi huo utoke Nachingwea, palipokuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji.

Nkoli alizaliwa 1957 huko Soweto. Mwaka 1984 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas, kesi ya watu waliopinga utawala wa makaburu, pamoja na wanaharakati wenzake Popo Molefe na Terror Lekota. Kosa hilo lingeweza kuwanyongesha. Alipowaambia wenzake gerezani jinsi alivyo, baadhi walitaka atengwe na kesi yao. Wakabishana sana, mwishowe wakabaki naye. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi: alisema ukweli mbele ya watu aliowahitaji.

Alitoka huru 1988. Oktoba 1990 akawa miongoni mwa walioandaa maandamano ya kwanza nchini humo ya kudai haki za wapenzi wa jinsia moja, Johannesburg. Wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani wasitambulike. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ikapiga marufuku kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia anayoipenda. Ukimwi ulimchukua 1998, naye hakuwa ameuficha.

Hao wabishi waambie waanze na kesi ya Delmas.