Weka mwongozo kando: maswali ya wasomaji wa riwaya

Mwalimu, nimemaliza Siku Njema ya Ken Walibora. Ni riwaya nzuri sana na ina mafunzo mengi. Maoni yako? (Msomaji, Kitale)

Maoni yangu ni kwamba wewe bado hujatoa maoni. "Nzuri sana, ina mafunzo" husemwa juu ya kitabu chochote, hata na aliyesoma jalada la nyuma tu. Siku Njema (1996) ina mengi ya kushika. Kongowea Mswahili anajisimulia mwenyewe, anatoka Tanga kumtafuta baba hadi huko huko kwenu Kitale, na Kiswahili chake ni kitamu kiasi cha kumfanya msomaji asamehe makosa. Kosa kubwa ni sadfa. Watu wanakutana pale pale mwandishi anapowahitaji. Mara ya kwanza tunaita bahati. Ikijirudia, tunauona mkono unaovuta kamba.

Unataka kuandika maoni yanayosomeka? Muhtasari usizidi sentensi mbili. Chagua tukio moja, ueleze limesimuliwaje, si limehusu nini. Kisha taja jambo moja lililokukera. Asiyekerwa na chochote ndani ya riwaya nzima huenda alikuwa anapekua kurasa tu. Na mwisho wa hadithi usiufichue, wengine bado tunasoma.

Naomba dhamira za Utengano pamoja na mifano. Ni haraka, mtihani Jumatatu.

Zimo ndani ya Utengano.

Kwa nini unachukia miongozo ya kuchambulia riwaya? Inatusaidia sisi walimu wenye madarasa makubwa. (Mwalimu, Morogoro)

Siichukii ikisomwa baada ya kitabu. Shida ni kwamba inasomwa badala yake. Mwanafunzi anakariri "tashbihi, uk. 34" bila kuijua sentensi yenyewe, kitabu kikichapwa upya kurasa zinahama, na darasa zima linaandika kosa lile lile. Jaribu hivi: toa aya moja ya riwaya, usitaje kitabu, uwaulize nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini sasa. Aliyesoma hujibu kwa dakika tano. Aliyekariri mwongozo hana pa kushika.

Kusadikika naiona kama hotuba ndefu tu. Nimekosea?

Nusu hujakosea. Shaaban Robert (kitabu kilitoka 1951) hakuwa na haja ya wahusika wanaobadilika. Majina yenyewe yanakuambia, Majivuno anashitaki na Karama anajitetea. Lakini umeisoma kwa mkupuo, na hapo ndipo ilipokuchosha. Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, na kila mmoja aliporudi na jambo jema alitiwa kifungoni. Ukizibugia zote jioni moja zinafanana. Soma mjumbe mmoja kwa usiku, tena kwa sauti. Sentensi zile zimepimwa kwa sikio. Halafu kumbuka mwaka: Kusadikika, nchi "iliyo angani", iliandikwa chini ya serikali ya kikoloni, na anayeomba haki ya kujitetea mbele ya sheria hakuwa akizungumzia mawinguni.

Nimesoma Nagona mara mbili sijaambulia kitu. Kezilahabi alikuwa anataka nini? (Msomaji, Mwanza)

Umeingilia mlango wa nyuma. Euphrase Kezilahabi aliandika riwaya nne kabla ya hiyo: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hizo zina vijiji, wazazi, pombe, siasa, watu unaowajua. Nagona (1990) na Mzingile (1991) zimeutupa utaratibu huo makusudi. Anza na Kichwamaji. Maswali ya Kazimoto kuhusu maana ya kuishi ndiyo yanayorudi Nagona, safari hii bila nyumba wala ukoo wa kuyabeba.

Kisha urudi na penseli. Kurasa hazifiki 100, basi isome kwa kikao kimoja au viwili. Ukiiacha wiki nzima uzi unakatika. Usiulize "halafu ikawaje?" Pigia mstari vinavyorudi: paa (yule mnyama), njia, kimya, ngoma. Msimulizi akikutana na wanafalsafa, usikimbilie kutafuta wasifu wao. Tazama anaondoka na jibu au na swali jingine. Mara nyingi ni swali. Na usimwamini anayekuambia ameielewa yote, hata akiwa na shahada.

Riwaya za upelelezi ni fasihi kweli?

Ndiyo. Ila usizitie zote kapu moja. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anatumia kiko, subira na masikio. Willy Gamba wa Elvis Musiba anatumia bastola. Vijana wanaomwona Bwana Msa mzito wanasahau kwamba fumbo lake mara nyingi limejificha kwenye nasaba: nani ndugu wa nani, nani anarithi. Chora mti wa ukoo kwenye karatasi tangu sura ya kwanza. Kwa Willy Gamba huhitaji karatasi, na wanawake wake wengi ni chambo tu. Huo ndio udhaifu wake, si mbio wala risasi.

Abdulrazak Gurnah nimsome kwa Kiingereza au Kiswahili?

Kama unasoma zote mbili, riwaya yake Paradise anza nayo kwa Kiswahili, yaani Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis (2022). Kijana Yusuf anatolewa rehani kwa deni la baba yake, kwa tajiri anayemwita ami, na Khalil hachoki kumkumbusha kwamba yule si ami yake. Mswahili haelezwi kwa nini mdai huitwa ami. Ameshaishi naye.

Naomba PDF ya Chozi la Heri.

Hapana. Na hata nakala za barabarani zikague kabla ya kulipa: nambari za kurasa zifuatane, maandishi yasiwe na kivuli, gundi ya mgongo isiachie ukifungua katikati. Ukurasa unaokosekana huwa hauonekani mpaka umefika hapo, na muuzaji kashahama.