Tairi la kupunguza pancha katika safari za kazini

Umeuliza ni tairi gani la baiskeli litakalokupunguzia pancha katika safari zako za kila siku za kazini. Kwanza tazama tabaka la kinga lililofichwa chini ya sehemu inayokanyaga barabara: Schwalbe Marathon Plus, kwa mfano, lina tabaka la mpira laini lenye unene wa takriban milimita 5, na mwiba wa mbigili au kipande cha chupa kwa kawaida hukwama humo kabla ya kuifikia tyubu. Tatizo lake ni uzito, kwani tairi moja la namna hiyo hukaribia kilo moja na utalihisi mlimani. Kwa safari za mjini, hata hivyo, mimi ningeuvumilia.

Kabla ya kununua, soma namba iliyo ubavuni mwa tairi lako la sasa, maana ringi ya 622 na ile ya 635 (kipenyo kwa milimita, pale tairi linapokaa), inayopatikana kwenye baiskeli nyingi za kizamani, zote huitwa “inchi 28”, ilhali matairi yake hayabadilishani. Upepo nao uwe wa kutosha: tairi legevu likigonga ukingo wa shimo, tyubu hubanwa na ringi na kutoboka, na pancha hiyo haizuiwi na tabaka lolote.