Samaki Mmoja kwa Kila Mashua: Nilivyojifunza Kuchangisha Baada ya Kuaibika

Juzi dada mmoja wa Malindi aliniandikia: "Kaka, nimeona picha za wazee wenu na miwani yao. Sisi tuna kikundi cha mayatima, tumewaandikia wafadhili barua mpaka wino umekwisha. Tupe mbinu." Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikafika dakika ya kumi na moja, nikaona haya nikafuta. Basi naandika hapa, maana najua si yeye peke yake. Wewe unayesoma pia una kikundi, una katiba ya kurasa nne, una muhuri, na akaunti ina shilingi mia tatu za kuizuia isifungwe.

Nianze na aibu yangu.

Kikundi chetu hapa Lamu kinawasaidia mafundi wa kofia na wasukaji mikeka walioharibikiwa na macho. Kofia ya vito, yaani ile inayodariziwa kwa mkono, ikishonwa sawasawa huchukua wiki, wakati mwingine miezi: sindano moja, uzi mmoja, na vitundu usivyoweza kuvihesabu. Fundi mmoja wa mtaani kwetu Langoni alifika mahali pa kumwita mjukuu amtungie uzi. Mjukuu akienda chuoni, kofia inalala. "Mato yamenikimbia," aliniambia, akacheka, lakini mkono ulikuwa bado unaitafuta tundu ya sindano.

Mwaka wa kwanza nikajifanya mjuzi. Nikaandaa chakula cha jioni hotelini, tiketi shilingi 3,000. Nikakodi spika, mapambo, na mshereheshaji kutoka Mombasa. Mgeni rasmi, simtaji, alichelewa saa tatu, pilau imeshapoa. Akaahidi 200,000, tukapiga naye picha tumeshika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Hundi ninayo mpaka leo, iko nyuma ya kabati. Pesa sijaziona. Tulipomaliza kulipa madeni zilibaki shilingi 4,150 kwenye bahasha ya kaki. Nilizihesabu mara mbili barazani kwangu, kana kwamba zingezaana.

Kibaya zaidi, tiketi nyingi zililipwa kupitia namba yangu mwenyewe ya M-Pesa. Mtaani wakasema nimekula. Mji wetu ni mdogo na vichochoro vyake ni vyembamba. Neno likitoka Mkomani asubuhi, adhuhuri limeshafika Langoni, tena limenenepa. Kuna mtu tuliyesoma chuo kimoja cha Kurani tangu utoto. Toka siku ile nikimpa salamu alikuwa akijibu kwa nusu mdomo. Mambo haya hayasahauliki.

Sikukoma. Nikasoma kwenye intaneti kwamba mashirika ya Ulaya huuza tiketi za bahati nasibu. Nikachapisha mia tano, zawadi simu. Baada ya Isha maalim akanishika mkono taratibu nje ya msikiti: "Mwanangu, hii si kamari?" Nilikuwa nimeshauza arubaini na mbili. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kurudisha pesa. Kwa hiyo dada yangu, ukiokota mbinu ya ng'ambo, kwanza ipeleke kwa watu wazima wa mtaa wako. Watakuokolea gharama ya uchapishaji.

Jibu lilitoka kwa rafiki yangu wa bara, mwalimu hapa. Alinisimulia jinsi kuku mmoja anavyopigwa mnada kwenye harambee ya kanisa lao, akanunuliwa, akarudishwa, akauzwa tena mara tatu. Nikamuuliza maalim. Mnada ni biashara, akasema, uza.

Nikamwendea nahodha jirani yangu. Sikumwomba pesa, maana mvuvi kabla hajauza hana pesa. Nilimwomba samaki mmoja kila Alhamisi. Wa kwanza alikuwa changu mdogo kuliko kiganja. Alienda kwa shilingi 150 na watu walicheka mpaka gati ikatikisika. Nilicheka nao ingawa moyoni sikucheka. Wiki ya pili mashua zilikuwa nne, na kati ya samaki kulikuwa na kolekole wa kilo sita hivi. Bei ya soko ingekuwa kama elfu moja na mia tano. Watu wawili wakashindana, mmoja muuza duka, wa pili ni yule yule wa nusu mdomo. "Elfu mbili!" "Na mia tatu!" Huyu wa pili akamchukua kwa 2,800, akamning'iniza begani, maji yakamchuruzikia kanzu. Sikumshukuru kwa maneno. Nilimwandika tu ubaoni.

Ubao huo ndio siri yenyewe kama kuna siri. Upo ukutani nje ya duka: tarehe, mashua, samaki, bei, na mkabala wake tumenunua nini. Pesa zinaingia kwenye paybill ya kikundi, yaani namba yake ya kupokelea malipo ya M-Pesa, si kwa mtu. Anayetaka sadaka yake iwe ya siri tunaandika "Mpenda kheri", na wako wengi kuliko nilivyodhani. Orodha hiyo hiyo inapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la Waamu, watu wa Lamu, walioko nje. Mmoja aliyeko Jeddah alinunua ngisi ambaye hatamwonja maisha yake, akasema apewe jirani.

Miezi ya kusi kali mashua hazitoki. Hapo kina mama walituokoa kwa mahamri na mbaazi za Jumamosi.

Najua Malindi mna wageni, hasa Waitaliano, na utaniambia huko pesa ipo. Ipo. Lakini sisi tuliona mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, hapa hapa kaunti ya Lamu, jinsi wageni walivyokatika, na 2020 corona ikaja kumaliza waliobaki. Kikundi kinachokula kutoka mfuko wa mgeni hulala njaa mgeni akiogopa. Jengeni kwenu kwanza. Na msiwaonyeshe mayatima wakilia kwenye picha, tafadhali! Mtoto huyo atakua, ataiona. Na acheni kuwakimbilia wakubwa na hundi zao za kadibodi. Mtu wa shilingi hamsini kila wiki ni mfadhili, tena huyu haji na msafara. Na mkipata, semeni mmepata ngapi. Mkikosea, semeni mmekosea. Na kabla ya kuchangisha hadharani ulizeni habari za kibali, msije mkavunjiwa mnada katikati. Najua nimeanza kuhubiri, lakini mambo haya mimi nimeyalipia.

Mpaka sasa tumepata shilingi 186,000. Wengi walihitaji miwani ya kusomea tu. Wanne walikuwa na mtoto wa jicho, tukawalipia nauli ya basi kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, hadi Mombasa kufanyiwa upasuaji.

Yule fundi wa Langoni tulimpelekea miwani yake nyumbani. Akaivaa, akaivua, akaifuta kwa pindo la kikoi, akaivaa tena. Kisha akachukua kofia aliyoimaliza mwaka jana, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza.

"Ni nani aliyeshona ovyo hivi?"

Mjukuu akamwambia ni yeye. Mzee hakujibu. Alikwisha chukua wembe, anafumua.