Sabuni ya Uongo, Povu la Kweli

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: filamu za kuchekesha zinazoyakejeli matangazo ya biashara.

SWALI: Wakubwa, hamjambo huko. Kikundi chetu kinaandaa filamu kuhusu kampuni ya matangazo. Tuliitazama Putney Swope ya Marekani: hadithi ni nyeusi na nyeupe, lakini matangazo yaliyomo ndani yana rangi. Fedha ziliisha, au ni ujanja? Nasi wenye simu tu tunaweza? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ni ujanja, tena wa hali ya juu. Filamu hiyo ya Robert Downey Sr. ilitoka mwaka 1969. Mwenyekiti wa kampuni ya matangazo huko Madison Avenue, New York, anafia mkutanoni. Wakurugenzi wanapiga kura ya siri, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kujipigia, kila mmoja anampa kura yule anayedhani hatapigiwa na mwingine yeyote: Swope, mtu mweusi pekee mezani. Anashinda. Ofisi ni ya kijivu, watu ni wa kijivu, bidhaa peke yake ndiyo inayopata rangi. Hakuna anayelieleza jambo hilo, na halihitaji maelezo.

Kwa simu mnaweza. Pigeni kila kitu kwa rangi, kisha iondoeni wakati wa kuhariri, ila mjue mapema onyesho lipi litakuwa la kijivu. Blauzi nyekundu mbele ya ukuta wa kijani hupendeza machoni, lakini rangi zikitoka vyote viwili vyaweza kuwa kijivu kimoja, abaki mwigizaji ni kichwa kinachoelea. Pigeni picha moja ya kujaribu, iondoeni rangi papo hapo kwenye simu, muone. Nguo ya rangi hafifu ikae kwenye ukuta wa rangi nzito, au kinyume chake.

Umeme wetu hapa Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikiachwa ijiamulie mara nyingi hukimbilia fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya sekunde 1/60, na hapo mtaona michirizi ikipanda ukutani. Wekeni fremu 25 na shata 1/50, mfunge mwanga na rangi visibadilike katikati ya onyesho. Msiseme mtaifuta michirizi baadaye. Ni kazi ya usiku kucha, na bado itaonekana.

Sasa matangazo yenyewe. Wengi huyapiga hovyo wakidhani uhovyo ndio kichekesho. Sivyo. Tangazo la kejeli lazima liwe safi kuliko filamu inayolibeba, la sivyo mtazamaji anawacheka ninyi. Mkiwa na siku 8 za kupiga, tatu ziende huko. Sekunde 30 ni fremu 750. Andikeni maneno yasiyozidi 60, kwani maneno yetu ni marefu na msomaji wa tangazo naye lazima apumue. Fuateni mpangilio wa tangazo halisi bila kuruka hatua: mama ameshika shati la sare lenye doa la utomvu wa matoke, jirani anaingia na gomesi (gauni letu la wanawake) inayong'aa, sabuni inatolewa, povu linajaa beseni, na sekunde 3 za mwisho ni za sabuni peke yake. Halafu geuzeni kitu kimoja tu. Jirani anatabasamu: “Utomvu wa matoke hautoki, mama. Nunua shati lingine.” Wimbo unaendelea kwa furaha ileile. Mkigeuza vitu vitano, watu hawatajua wacheke wapi. Na “vigezo na masharti kuzingatiwa” isomwe kwa kasi yake ya kawaida. Hiyo haihitaji kutiwa chumvi.

SWALI: Chupa yetu ya soda inatoka jasho dakika chache tu, kisha inakauka chini ya taa. – Msomaji, Mbale

JIBU: Msitumie barafu. Kausheni chupa, ipulizieni vanishi isiyo na rangi ili lebo isilowe, ikauke kabisa. Changanyeni glisarini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, mpulizie kwa chupa ya dawa ya nywele kutoka sentimita 30 hivi. Matone hukaa saa nzima na zaidi. Ishikeni kwenye kizibo tu. Ya kunywa iwe chupa nyingine, vanishi si ya mdomoni.

SWALI: Mwigizaji wetu mkuu ana sura ya bosi hasa, lakini maneno hayashiki. Tumwondoe? – Msomaji, Gulu

JIBU: Sura hiyo msiiache. Sauti ya Swope mwenyewe si ya mwigizaji, Arnold Johnson. Johnson alishindwa kushika maneno, Downey akaingiza sauti yake mwenyewe baadaye. Watazamaji wetu wamezoea VJ, mtafsiri wa filamu, kuzungumza juu ya filamu nzima katika kibanda cha video, lakini mdomo unaosema lugha yao usipolingana na sauti wanaona mara moja. Mpigeni zaidi ubavuni, au onyesheni uso wa anayemsikiliza. Midomo hufunga kwenye m, b na p, na msamiati wa biashara umejaa hizo: mteja, bei, pesa. Linganisheni hizo kwanza, zilizobaki hujipanga. Rekodini sentensi moja moja katika chumba chenye magodoro, maiki sentimita 20 kutoka mdomoni, kando kidogo ili p isipige kishindo. Siku ya kupiga picha, rekodini pia sekunde 30 za ukimya wa mahali penyewe muuweke chini ya sauti mpya; bila huo, bosi atasikika kama yumo ndani ya debe.

SWALI: Tutumie sabuni inayojulikana? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Hapana. Alama ya biashara ina mwenyewe, na jina halisi hufanya mzaha uwe wa kampuni moja badala ya biashara nzima. Bunini jina, kisha ombeni upekuzi kwenye daftari la alama za biashara la URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kabla ya kuchapisha lebo. Angalieni na nyuma ya waigizaji pia. Duka likiwa limepakwa rangi za kampuni ya simu hadi mlangoni, pangeni magunia ya mkaa mbele yake, au geuzeni kamera itazame barabara.