Kabla hujaandika "vita vimekwisha"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kufuatilia vita na mikataba ya amani, hasa nyie mliopo hapa Arusha, acheni niwasimulie jedwali langu la kwanza. Kwenye mstari wa Burundi, safu ya mwisho wa vita, nilijaza 28 Agosti 2000. Si ndiyo siku waliyosaini hapa hapa mjini, Mandela akiwa msuluhishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999, na Clinton akaja kushuhudia? Bosi wangu akaizungushia kalamu nyekundu, akauliza: "Wenye bunduki walisaini?"

Nikabaki namtazama. Mezani zilikuwepo pande 19: serikali, bunge na vyama vya siasa. Makundi ya waasi, CNDD-FDD na FNL, waliokuwa msituni wakipigana, hawakusaini. CNDD-FDD walielewana na serikali mwaka 2003. FNL walisaini Dar es Salaam 2006, halafu 2008 wakapigana tena. Mkataba wenyewe haukuwa karatasi tupu, msinielewe vibaya: ule utaratibu kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi ulitoka humo.

Ila swali la bosi nalo halitoshi. Mkataba wa Rwanda ulisainiwa hapa hapa tarehe 4 Agosti 1993, na wenye bunduki wa pande zote mbili, serikali na waasi wa RPF, waliweka saini. Chama cha CDR, cha Wahutu wenye msimamo mkali, kilibaki nje kikiupinga. Miezi minane baadaye yakaanza mauaji ya kimbari. Kwa hiyo tafuteni pia nani hautaki mkataba na ana nguvu gani ya kuuvunja, hata kama hayuko msituni.

Kuhusu takwimu za dunia, Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kilihesabu migogoro ya kivita 61 inayohusisha serikali mwaka 2024, mingi kuliko mwaka wowote tangu 1946. Namba hiyo mtaipenda mno kwenye aya ya kwanza ya ripoti. Sawa, lakini mjue vifo 25 vya vitani kwa mwaka vinatosha mgogoro kuingia kwenye hesabu, na vita vya Ukraine, pamoja na ukubwa wake, navyo vinahesabiwa mgogoro mmoja tu.

Jedwali langu sasa lina safu ya ziada: "waliobaki nje". Kusaka tarehe ya saini ni dakika mbili. Safu hiyo inaweza kunila wiki nzima.