Uliza Fundi: mapovu ya betri, mbolea ya Karuma na barafu ya Katunguru

Mwezi huu meseji karibu zote ni za umeme, sijui ni sola zimeshuka bei au ni Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, imewachosha watu. Nimechagua nne.

*Fundi habari za kazi. Mimi nachaji betri za watu hapa Walukuba, Jinja, zile za gari na zile za sola za kutia maji. Zikikaribia kujaa zinatoa mapovu sana, na kijana mmoja ananiambia hiyo hewa ndo haidrojeni, mafuta ya kesho. Naweza kuivuta kwa mpira nikapikia chai ama nikawasha jenereta? – Mchaji betri, Walukuba*

Nzuri kaka. Huyo kijana hajakudanganya, ila ule mpira hebu uweke chini kwanza. Betri ikishajaa, umeme unaozidi haupati tena pa kukaa, unaanza kupasua maji yaliyomo, yanatoka haidrojeni na oksijeni, mbili kwa moja, tayari zimechanganyika. Na huo mchanganyiko hausubiri kiberiti, cheche ya klipu tu inatosha. Nimewahi kuona jamaa amewasha mshumaa usiku achungulie kama maji yamepungua, mfuniko ukaruka mpaka kwenye mabati, asidi ikamla shati, macho yakapona kwa bahati tu. Ndo maana maji ya betri huwa yanapungua na unaongeza yale ya distiladi, yamekwenda hewani. Fungua dirisha, zima chaja kabla hujatoa klipu, na sigara iishie barabarani.

Sasa hesabu, manake najua bado una hamu. Betri ya volti 12 ukiipitiliza kwa ampia 5 saa nzima inatoa haidrojeni kama gramu moja. Ukibahatika itachemsha kikombe kimoja tu cha chai. Wenye viwanda wana mtambo wenyewe wa kupasua maji, elektrolaiza, nao unakula uniti 50 hivi na lita 9 za maji safi kupata kilo moja, na hiyo kilo bila kushindiliwa inajaza madramu 60 ya lita 200! Sasa piga kwa bei ya Yaka ya nyumbani, uniti moja inapita shilingi 700, ni elfu 35 na zaidi, umepata kitu chenye nguvu ya petroli lita tatu na nusu au nne. Halafu ukikigeuza kiwe umeme tena kwa mtambo mzuri zinarudi uniti 16 au 18 hivi, kwa jenereta ya kawaida hata 8 ushukuru. Uniti hizo 50 ungezitia kwenye betri ya lithiamu ungetoa zaidi ya 40. Kwa hiyo kama unachotaka mwisho wa siku ni umeme, usiupitishe kwenye haidrojeni, ni kama kutoka Jinja kwenda Iganga ukipitia Kampala.

*Mheshimiwa Fundi, mimi ni mwalimu Kiryandongo, bwawa la umeme la Karuma liko jirani. Tunasikia umeme umezidi na bado kijijini tunawasha tadooba, vile vibatari vya mafuta ya taa. Huo unaozidi hauwezi kugeuzwa kitu cha kuuza? – Mwalimu*

Mwalimu shikamoo, na hilo la tadooba lina haki ya kukuudhi. Karuma ilizinduliwa Septemba 2024, megawati 600, ukijumlisha mabwawa ya Bujagali, Isimba, Nalubaale na mitambo mingine tumepita megawati 2,000, na matumizi yetu yako chini sana ya hapo, usiku wa manane ndo usiseme. Kumfikishia mtu umeme ni nguzo, waya na transfoma, bwawa peke yake halikuwashii taa.

Ila swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, manake nilipomwambia mwenzako wa Walukuba aachane na haidrojeni nilikuwa naongelea kurudisha umeme. Kuna vitu umeme wenyewe hauwezi kuwa hata ufanyeje, na cha kwanza ni mbolea. Ile mbolea ya urea na ya CAN unayoona dukani inaanzia kwenye amonia, na amonia ni haidrojeni imeunganishwa na nitrojeni ya hewa hii hii tunayovuta, kwa joto kali na presha kubwa, Wajerumani walianza kuitengeneza kiwandani Oppau mwaka 1913. Siku hizi wengi wanaitoa hiyo haidrojeni kwenye gesi asilia. Lakini sikia hii: pale Aswan, Misri, kiwanda cha KIMA kilianza mwaka 1960 kutengeneza mbolea kwa haidrojeni iliyopasuliwa kwenye maji kwa umeme wa bwawa la Nile. Nile yetu hii hii mwalimu, maji yanatoka Jinja, yanakupitia wewe hapo Karuma, yanaenda kuwa mbolea ya Mmisri! Miaka ya karibuni wamehamia gesi kwa sababu wanayo, sisi gesi ya bomba hatuna, tuna maji.

Tani moja ya amonia inataka uniti kama 10,000. Megawati 10 zikifanya kazi usiku na mchana zinatoa tani 24 kwa siku. Kwa bei ya Yaka ya nyumbani hiyo ni zaidi ya milioni 7 za umeme peke yake kwa tani, biashara imekufa kabla haijazaliwa, kwa hiyo kila kitu kinasimama kwenye bei ya kiwandani, ya ule umeme wa saa tisa usiku ambao hauna mnunuzi. Fosfeti, malighafi nyingine ya mbolea, ipo Sukulu kule Tororo. Urea inahitaji hewa ya ukaa pia, na inapochachushwa molasi kuwa pombe ya ethanoli kwenye viwanda vya sukari hiyo hewa inatoka safi kabisa. Na jambo lenyewe si geni kwetu, umeme wa Owen Falls, ndo Nalubaale ya leo, ndo uliokuwa unayeyusha shaba ya mgodi wa Kilembe pale Jinja. Mimi ningeanza na mbolea, magari baadaye.

*Ssebo, niko na boda ya petroli, stejini wananiambia nisinunue ya umeme ningoje petroli ya kutengenezwa na umeme. – Boda, Ntinda*

Utangoja sana mdogo wangu. Petroli hiyo ipo, kule kusini ya Chile karibu na Punta Arenas mtambo wa Haru Oni ulianza mwisho wa 2022, unachukua umeme wa upepo, haidrojeni na hewa ya ukaa unatoa petroli kweli. Ila katika uniti 100 zilizoingia hazifiki 20 kwenye gurudumu, boda ya betri inapata 70 na zaidi. Mafuta ya hivyo waachie ndege za Entebbe, hazina pa kubadilishia betri angani.

*Fundi, nauza samaki Katunguru, Kasese. Nina sola ya friza, betri zimekufa na mpya ni ghali mno. Nifanyeje? – Mama Samaki*

Mama pole. Wewe hukosi umeme, unakosa baridi ya usiku, na baridi inahifadhika bila betri. Jua likiwaka acha friza igandishe maji mpaka jioni, kilo 100 za barafu zinakula uniti 6 mpaka 10 za mchana na zinakupa ubaridi wa uniti 9 hivi usiku kucha. Muulize fundi wako kwanza kama friza hiyo inakubali kuendeshwa na paneli moja kwa moja, nyingine zinakataa kuwaka bila betri, hapo hata moja ndogo itakusaidia. Samaki wapange kwenye boksi tabaka kwa tabaka na barafu iliyopondwa, mfuniko ukivuja ziba kwa blanketi kuukuu, na toboa tundu chini maji yatoke, samaki asilale ndani ya maji.