Maswali Yenu ya Afya: Mama amelazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja

SWALI: Shikamoo mama Muuguzi. Mama yangu ana umri wa miaka 78, ana presha na kisukari, na anameza glibenklamidi asubuhi na jioni pamoja na dawa mbili za presha. Tunaishi Mlalo, wilayani Lushoto, ambako kumfikisha hospitali ni kumpakia mshikaki kwenye bodaboda, yeye katikati na mimi nyuma nikimshikilia. Mwaka uliopita alilazwa mara tatu. Mara ya kwanza alizimia alfajiri kwa sukari kushuka, baada ya kumeza dawa za jioni na kuonja chakula tu. Mara ya pili aliharisha siku mbili akaishiwa maji mwilini. Mara ya tatu aliteleza usiku akienda chooni, choo chetu kikiwa nje, akavunjika kifundo cha mkono. Sasa anasema hataki tena kusikia habari za hospitali. Je, tunaweza kumtunza nyumbani kiasi cha kumwepusha na safari hizo?
Binti wa Mlalo

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Mnaweza kumwepusha na nyingi kati ya safari hizo, kwa sababu hakuna hata moja kati ya zile tatu iliyoanza siku mliyopanda bodaboda. Kila moja ilianzia nyumbani, saa kadhaa au siku kadhaa kabla.

Nianze na ile ya sukari, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumuua mzee akiwa usingizini. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hakula, na kwa mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu kuliko inavyokaa kwa kijana. Ndiyo maana aliyemeza dozi ya jioni bila kula huzimia alfajiri. Katika kliniki ijayo, mwombeni daktari aangalie kama dawa hiyo bado inamfaa, maana kwa wazee wengi huchaguliwa nyingine isiyoshusha sukari kwa nguvu kiasi hicho. Msiibadilishe wenyewe. Hadi siku hiyo, sahani itangulie kidonge: awe ameshakula ndipo ameze, na jioni akikataa chakula, pigeni simu kituoni kuuliza kabla ya kumpa dozi ile. Ninaona pia familia nyingi zikishangilia mzee anapoamka na sukari ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L). Mimi hunishtua. Kwa mtu wa umri wake mwenye magonjwa mawili, kuamka na 7 au 8 si balaa hata kidogo.

Mkimwona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, amekuwa mkali bila sababu au anazungumza yasiyoeleweka, mpimeni papo hapo. Ikiwa iko chini ya 4 na anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, na akizinduka mpeni chakula. Hata akipata nafuu asiachwe peke yake, na mtoe taarifa kituoni siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Akiwa amezimia, msimmiminie chochote kinywani: mlazeni ubavu na mwondoke naye.

Kuhusu kuharisha, kiu ya mzee haiaminiki, na katika baridi ya Usambara ya mwezi wa Juni na Julai anaweza kushinda siku nzima na kikombe kimoja cha chai asilalamike. Msimwulize kama ana kiu. Mpeni kikombe mkononi, kidogo kidogo, na mtazame mkojo wake, maana ukifanana na chai ya rangi tayari mmechelewa. Wekeni pakiti za ORS ndani ya nyumba wakati wote, moja ichanganywe katika lita moja ya maji safi na itumike ndani ya saa 24. Wengi huogopa kumpa mgonjwa wa kisukari ORS kwa sababu ina sukari. Anapoharisha mpeni, huku mkimpima. Siku hiyohiyo ulizeni kituoni kama dawa ya presha inayomkojoza isimamishwe kwa muda, kwa kuwa huendelea kumtoa maji ambayo hana.

Safari ya chooni usiku ifutwe kabisa. Ndoo yenye mfuniko ikae kando ya kitanda, tochi iwe chini ya mto, na kandambili zilizolika nyayo zitupwe, avae viatu vinavyoshika kisigino. Kabla ya kusimama aketi kwanza ukingoni mwa kitanda akihesabu polepole hadi 30, kwa sababu dawa za presha hufanya damu ichelewe kupanda kichwani. Mchana, akiwa na mtu karibu, asimame na kuketi kitini mara kumi. Zoezi hilo halina gharama, nalo huimarisha mapaja, ambayo ndiyo yanayomshika mzee asianguke.

Nunueni daftari la shule, mlitundike ukutani kwa kamba pamoja na kalamu. Andikeni presha, sukari, alichokula na dawa alizomeza. Presha ipimwe akiwa ameketi kwa utulivu dakika tano, ameshakwenda haja ndogo, mgongo umeegemea, mkono uko juu ya meza. Mpimeni mara mbili. Andikeni pia kila dawa inayonunuliwa nje ya kliniki. Nalitaja hili kwa sababu magoti ya wazee yakiuma mtu hukimbilia duka la dawa na kurudi na diklofenaki, ambayo hupandisha presha, huumiza figo na inaweza kuvujisha damu tumboni. Paracetamoli ni salama zaidi kwake, ikinywewa kwa kipimo.

Yapo ambayo nyumba haiyawezi: mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ghafla, maumivu ya kifua, kushindwa kusimama baada ya kuanguka, presha ya 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kichwa kikali au pumzi kubana, na kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako kwa mzee mara nyingi ni dalili ya maambukizi hata pasipo homa. Hapo mshikaki ni wa lazima, na mama aelezwe mapema, siku ambayo ni mzima, kwamba kliniki zake zinaendelea ili asilazwe. Mwoneni pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwenu. Kama hamna uwezo wa kulipa, ulizeni ofisi ya kijiji kuhusu kitambulisho cha matibabu bila malipo, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60.

SWALI: Baba ana miaka 81 na ana presha. Kila mwezi kijana mmoja huja nyumbani kumtundikia dripu ya nguvu, naye huchangamka siku mbili. Tuendelee?
Msomaji wa Temeke

JIBU: Acheni. Lita moja ya dripu ya kawaida ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Kwa mwenye presha, maji hayo yanaweza kuishia kwenye mapafu. Udhoofu wa mzee una chanzo chake, nacho hutafutwa: upungufu wa damu, kifua kikuu, huzuni, hata meno mabovu yanayomfanya aache nyama na kubakia na uji. Leo jioni mbonyezeni kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa muundi kwa sekunde kumi. Likibaki shimo, ni dalili ya maji kujaa mwilini: kesho asubuhi apelekwe kwa daktari, na yule kijana mpigieni simu asije.